Livu ya Mwakani

Mume wangu alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe sita ya Mfungo Mosi, Idd haijatimiza wiki. Tulikuwa tunafunga zile sita za baada ya Idd. Alikula daku, akalalamika kifua kinambana, na adhana ilipokwisha hayupo. Jumatatu jioni matanga yakaanuliwa, na Jumanne asubuhi, mikeka ya watu haijarudi kwa wenyewe, ikaja barua kutoka kazini kwangu.

Ilikuwa imepigwa taipu kwa herufi za Kizungu. Mimi nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, na Kiswahili changu nikikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wengi wa umri wangu. Za Kizungu nilijua kulisoma jina langu tu. Kwa hiyo akaishika kaka yangu, mwalimu wa skuli, mtu mpole kupita kiasi. Akaisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akaanza kukohoa, nami nikajua haina kheri.

"Soma," nikamwambia. "Nshafiwa, lipi tena la kunificha?"

Barua ilisema karakana inanipa pole. Nimepewa siku tatu za matanga kama ilivyo desturi. Katika livu yangu zimebaki siku nane. Zikimalizika hizo nirudi kwenye mashine yangu, na nisiporudi mashine atapewa mwengine.

Livu ndiyo hii mnayoiita leo likizo. Na eda ya kufiwa na mume kila mtu anaijua: miezi minne na siku kumi, mwanamke yumo ndani, hajipambi, hatoki, haonani na wanaume wasiokuwa maharimu zake. Sasa nipigieni nyinyi hesabu. Nikirudi baada ya siku nane, nimevunja eda ya mume wangu. Nikikaa eda, kazi imekwenda. Hatukujaaliwa mtoto, na baba yangu alikuwa keshatangulia. Kaka yangu alikuwa na nyumba yake na mzigo wake; nyumba ile ya Kiponda ilikuwa na mimi na mama yangu tu, na mkono wa kutulisha sasa ulikuwa huu wangu.

"Waachie kazi yao," mama akasema. "Riziki haina mlango mmoja. Mwanamke wa eda hashughuliki na dunia, mwanangu."

"Mama, mimi sijaigusa dunia. Dunia ndiyo iliyoniletea barua."

Nilikuwa na hasira, sifichi. Wako watu msiba unawalegeza, mimi ulinikaza. Tangu nilipoamka siku ile ya kwanza nisimkute, nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye, na karani wa karakana, aliyeiandika barua ile, akajileta mwenyewe.

Karakana yenyewe ilikuwa Malindi. Chini wanaume wakikata vitambaa na kufunga mizigo, juu chumba cha wanawake, na pazia mlangoni. Tulikuwa kumi na moja, tukishona mashuka, foronya na sare. Kila mshoni alikuwa na alama yake: kona ya kila shuka unaweka mishono mitatu ya uzi wako wa rangi, ili shuka likifumuka ajulikane nani kalishona. Wangu ulikuwa wa kijani. Mashine yangu ilikuwa ya dirishani, mashine bora chumba kizima, maana mchana kutwa unaona unachokishona, na upepo unaupata. Niliingoja miaka mitatu mpaka mwenyewe alipoolewa Pemba. Na dirisha lile ndilo lililonifunga, kama mtakavyosikia.

Siku niliyoajiriwa, karani yule yule alitusomea sheria kwa sauti, nami nikaziweka kichwani kama nilivyoweka juzuu amma. Kila mwaka unaotimia, mfanyakazi anapata livu ya siku kumi na nne za kazi, na mshahara wake unakwenda. Ijumaa na sikukuu hazihesabiwi. Siku zisizochukuliwa hazipotei, zinawekwa mpaka mwenyewe azitake. Karatasi yake ilitundikwa nyuma ya mlango wa ngazi, ikageuka manjano pale pale.

Mimi zangu niliziweka zote. Sikuwahi kuchukua hata siku moja. Mwanzo niliogopa kupitwa na zamu ya dirisha; nilipolipata, nilijua nikiondoka wiki mbili nitamkuta mwengine kakaa dirishani, keshazoea, na kumtoa ni ugomvi. Mume wangu alikuwa mwashi, mtu wa Kizimkazi, na kila mwaka baada ya masika kazi yake ikipungua huniuliza, "Livu yako vipi? Twende kwetu wiki moja tu."

"Mwakani, inshallah."

"Hii mwakani yako haizeeki?" Anacheka, anakwenda peke yake. Baada ya wiki anarudi na pweza mkavu kwenye kikapu na chokaa kwenye kucha, maana hakuweza kukaa bure hata kwao. Tangu niingie kazini sijakanyaga Kizimkazi. Mama yake akija mjini namkirimu, nampa salamu za kuwapelekea watu wa huko, basi.

Sasa mtu ambaye hajachukua hata siku moja, aambiwe zimebaki nane! Nilimwambia mama aniletee kopo langu la vifungo.

Mshoni haishiwi vifungo. Nikavimwaga juu ya mkeka. Nikatenga vya miaka yangu kwanza: miaka tisa, kila mwaka kumi na vinne, vikawa mia na ishirini na sita. Kisha nikapanga eda. Miezi minne, nikaihesabu yote kuwa ya siku thalathini kwa tahadhari, na kumi juu yake, mia na thalathini. Nikatoa Ijumaa kumi na nane. Nikatoa siku mbili za Idd Kubwa. Nikatoa tatu za matanga, maana hizo nshapewa. Vikabaki mia na saba. Nahitaji mia na saba, ninazo mia na ishirini na sita. Nikavihesabu tena, na mara ya tatu nikamhesabisha mama.

"Unacheza vifungo, mumeo hajakauka kaburini," mama akasema, lakini akahesabu.

Jioni akaja shoga yangu, rafiki aliyekuwa akikaa mashine ya jirani na yangu. Alikuja kila siku akitoka kazini, kabla ya magharibi. Nikamtuma amuulize karani nane hizo kazipata wapi. Kesho yake akarudi, hata buibui hajavua, uso umemuiva.

"Shoga, anasema livu zetu tunazila Ramadhani."

"Tunazila vipi?"

"Ramadhani si tunatoka saa saba? Anasema hiyo ni nusu siku. Nusu siku mbili ni livu ya siku moja. Mwezi mzima, siku za kazi ishirini na sita, livu kumi na tatu. Kwa mwaka inabaki moja. Anasema kaandika hivyo kwetu sote, tangu zamani."

Mtume! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Na hapa lazima niseme kosa lilikuwa letu pia. Ni kweli Ramadhani wanawake tulikuwa tunatoka saa saba mchana. Lakini tulitoka na nini? Kila mmoja na furushi chini ya buibui, mashuka yaliyokatwa, ya kwenda kumalizia nyumbani. Huku kunde ziko jikoni, huku unapinda shuka. Watu wamekwenda tarawehe, wewe unapinda shuka. Asubuhi unayakabidhi kwa msimamizi wetu, mwanamke mwenzetu, naye anayaandika. Sote tuliamini kutoka saa saba ni heshima ya mwezi mtukufu. Tukimuombea dua tajiri, mwenye karakana, kwa huruma yake! Hakuna aliyeuliza, maana Ramadhani mtu haulizi heshima, anaipokea. Na karani chini anatukata siku.

"Kaka," nikasema, "chukua kalamu."

Kaka yangu akaanza: Kwa heshima na taadhima, bwana mkubwa, naomba nikusumbue kidogo...

"Futa hiyo kidogo. Andika: sijachukua livu hata siku moja. Andika: naomba nioneshwe madaftari mawili, la mahudhurio analoandika karani, na la mashuka analoandika msimamizi. Mimi siwezi kuja, nipo eda. Basi ninaomba yaje kwangu."

"Tajiri aje hapa Kiponda, kwa mshoni?"

"Aje. Asiyekuwapo na lake halipo, na mimi huko siwezi kuwapo. Andika, kaka, au nitaandika mwenyewe kwa herufi zangu, na wakae na kamusi."

Akaandika. Tangu hapo sikulala vizuri, nasema kweli. Siku nane zile zilikuwa zinapungua moja moja. Kila alfajiri natoa kifungo, natia koponi. Kikabaki kifungo kimoja, na jibu likaja kwa mdomo wa shoga yangu: tajiri kasema atakuja mwenyewe kutoa pole, Ijumaa baada ya alasiri, na karani atakuwa pamoja naye, na mpaka siku hiyo mashine yangu isiguswe.

Nyumba yetu ilikuwa na baraza nje, na juu ya baraza dirisha la chumba changu. Mama akafunga mbao za dirisha na pazia akateremsha, mimi nikakaa chini yake kwa ndani, vifungo vyangu mbele. Wao wakakaa barazani. Makubaliano yalikuwa mimi nisisikike: nimnong'oneze kaka, ambaye alisimama mlango wa chumba, naye atoke awaambie.

Tajiri alikuwa mtu mzima, mzito, namjua kwa bakora yake ilivyokuwa ikigonga ngazi. "Poleni kwa msiba," akasema.

"Tushapoa," kaka akajibu.

Karani hakupoteza wakati. Akafungua daftari la mahudhurio akasoma kama khatibu: Ramadhani mwaka huu, nusu siku, nusu siku, nusu siku. Sheria ni sheria, akasema, nusu mbili zinafanya moja, na yeye hana ubaya na mtu.

Nikamnong'oneza kaka: "Mwambie muongo. Mwambie kazi tuliifanya nyumbani."

Kaka akatoka. "Ndugu yangu anasema," akasema, "pengine kuna kosa dogo limepita kwa bahati mbaya."

Nikamvuta kanzu aliporudi. "Nilisema muongo!"

"Siwezi kumwita mtu muongo barazani kwetu."

"Basi mwambie alete daftari la mashuka."

Akaenda, akarudi. Karani anasema la mashuka kaja nalo kwa kuwa tajiri kamlazimisha, lakini hilo ni la mambo ya wanawake, halina saa ndani yake, lina mashuka tu. Na kweli, hakuwa amewahi kulifungua. Msimamizi wetu aliliandika kwa herufi za Kiarabu na kwa miezi yetu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi. Karani aliandika la kwake kwa herufi za Kizungu na miezi ya Kizungu. Madaftari mawili ya kazi moja, yamekaa nyumba moja miaka yote, na hakuna aliyewahi kuyaweka bega kwa bega.

"Nipe," nikamwambia kaka. Akaniletea ndani. Nikalifungua, na hapo ndipo nilipojisahau.

"Shaabani ya mwaka jana!" nikasema, na sauti yangu ikapenya mbao mpaka barazani. Mama akanifinya paja. "Uzi wa kijani: mashuka kumi na mawili. Kumi na mawili. Kumi na moja. Kumi na mawili. Hizo siku nzima, sivyo? Sasa Ramadhani yake. Uzi wa kijani: kumi na mawili. Kumi na matatu. Kumi na mawili. Kumi na manne, hiyo karibu na Idd. Karani, wewe umeandika nusu siku. Nusu siku ikashona kumi na mawili, mashine yangu ilikuwa na majini?"

"Sauti yako!" mama ananong'ona, anafinya. "Sauti yako, we mtoto, una eda!"

"Niache, mama. Mwaka wa juzi! Nisome wa juzi?"

Kisha nikasikia bakora ya tajiri inagonga sakafu mara moja.

"Karani. Nusu siku mshoni anashona mangapi?"

"Matano, bwana. Sita."

"Na hapa yako mangapi?"

"Hilo ni daftari la wanawake, bwana."

"Mashuka niliyauza kwa wanawake au kwa wanaume? Nimekuuliza mangapi."

"Kumi na mawili, bwana."

Hapo sasa, kabla kaka hajafungua mdomo, aliyesema ni mama yangu. Mama huyu huyu, mkono wake bado uko pajani kwangu, akainua kichwa akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni!"

Nilimtazama. Akazibana midomo, akaurudisha mkono wake kwenye tasbihi.

Tajiri akacheka, kicheko cha kikohozi, akasema siku za Ramadhani zirudishwe, kwangu na kwa wote kumi. Mimi nikasema, sasa kwa sauti bila ya kumtuma mtu: "Basi nina miaka tisa, siku mia na ishirini na sita, na eda yangu inataka mia na saba."

"Hapana," karani akasema.

Nilidhani ni ukaidi. Lakini sauti yake safari hii haikuwa ya kukasirika, ilikuwa ya mtu aliyerudi kwenye jambo analolijua. "Miaka si tisa. Bi mkubwa uliingia mwezi wa nane wa Kizungu. Leo tuko mwezi wa tano. Ni miaka minane na miezi tisa. Wa tisa haujatimia. Sheria inasema mwaka unaotimia."

"Mimi nimeingia Mfungo Mosi, na leo ni Mfungo Mosi! Ramadhani tisa nimeshona!"

Kaka yangu akaja mlangoni, akaniambia polepole kama anavyosomesha watoto, "Mwaka wa mwezi ni mfupi, dada. Kila mwaka unapungua siku kumi, kumi na moja, kuliko wa kwao. Kwa miaka tisa inakusanyika miezi mitatu. Katika hili anasema kweli."

Na ndipo nilipofahamu mbona barua ilisema siku nane na si tisa: moja kwa kila mwaka uliotimia. Jibu lilikuwa mbele yangu wiki nzima nami nimejaa hasira sikuuliza. Miaka tisa yangu nilikuwa naihesabu kwa Ramadhani, kama mama anavyohesabu umri wangu, kama sote tulivyohesabu kila kitu. Nikatoa vifungo kumi na vinne kutoka kwenye fungu, kimoja kimoja, nikavirudisha koponi. Vikabaki mia na kumi na viwili. Nikavihesabu vya eda tena, nikaviweka sambamba, safu kwa safu. Nilisikia mtu akipita na mkokoteni, na wao wakimpisha.

"Zinatosha," nikasema. Sikuamini sauti yangu, nikasema tena. "Zinatosha, na zinabaki tano."

Tajiri akamwambia karani aandike pale pale barazani, na akaandika. Akanitumia daftari ndani na kaka, nikaweka jina langu, lile moja nililolijua kwa Kizungu. Mashine ya dirishani, tajiri akasema, haitakaliwa na mtu mpaka mwenyewe arudi. Walipoondoka karani akanisemesha kupitia pazia, "Bi mkubwa, umenishinda kimoja, nami nimekushinda kimoja." Nikamjibu changu kina uzito zaidi. Jioni shoga yangu alipopata habari alitaka kupiga vigelegele, mama akamziba mdomo kwa kiganja.

Basi nikakaa eda yangu. Kila alfajiri baada ya sala natoa kifungo kutoka fungu hili natia koponi. Vita vilikwisha, hasira ikaniishia, na hapo ndipo msiba wenyewe uliponifikia. Sikuwa na mtu tena wa kugombana naye.

Vifungo nilivipanga kwa miaka, kumi na vinne kumi na vinne, kwa kuwa ndivyo nilivyovihesabu. Fungu la kwanza likaisha, nikaingia la pili, na mkono wangu ukasita. Fungu lile la pili lilikuwa mwaka ambao mume wangu alikuwa anamuoza dada yake, akaniambia twende tukawapikie, nikasema mwakani. La nne, mwaka niliokuwa ndiyo kwanza nimekaa dirishani. La tano aliniomba mara mbili, mara ya pili alikuwa hacheki. Kila fungu niliweza kusema aliniuliza nikiwa wapi na nikamjibu nini. Siku nilizomnyima yuko hai ndizo nilizokuwa namkalia sasa, moja moja, katika chumba kimefungwa. Nilipigania haki yangu nikaipata, na sijuti. Lakini nililia kwa vifungo vile kuliko nilivyolia kwa jeneza.

Mwezi ulionipunguzia mwaka ukanirudishia kidogo. Katika miezi ile minne, miwili iliandama kwa ishirini na tisa. Eda ikaisha siku mbili kabla ya hesabu yangu ya tahadhari, na zile tano zilizobaki zikawa saba.

Nilioga, nikavaa, nikaenda Malindi. Mashine ilikuwa pale dirishani, imefunikwa na shuka, na vumbi juu yake. Wanawake wote wakanikumbatia. Kisha nikateremka kwa karani, ambaye alikwisha nitayarishia daftari.

"Zako saba ziko," akasema. "Tuziweke mwakani?"

"La," nikamwambia. "Nazitaka leo. Na mashine mpe anayeitaka."

Nilipanda gari la Makunduchi siku ya pili yake, nikateremka njia panda nikaendelea kwa miguu mpaka Kizimkazi. Mama yake alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika mikono muda mrefu, na hakuniuliza mbona leo.

"Umekuja kwa siku ngapi, mwanangu?"

"Wiki moja."

"Wiki moja," akarudia. "Ndiyo aliyokuwa akituambia kila mwaka. Nitakuja na mke wangu, wiki moja." Akauweka ungo chini. "Njoo nikuoneshe chumba chako. Matanga yale sikuweza kukwambia, ulimi ulikuwa mzito."

Nyuma ya nyumba yao ya makuti kulikuwa na chumba kimoja cha mawe na chokaa. Akaniambia mwanawe alikijenga peke yake, kila akija wiki yake anaongeza, mwaka huu ukuta, mwaka ule boriti, mwaka jana akakipiga lipu. Wakimwambia apumzike anasema mke wake atakuja mwakani, na hatakikuta chumba hakijakwisha.

Ndani hamna kitu, ila dirisha. Kubwa kuliko ilivyo desturi ya shamba, limekaa upande wa mwangaza, na chini yake amejenga kibaraza cha mawe, kimo cha meza ya cherehani.

"Tulimwambia dirisha hili linazidi," mama yake akasema. "Akasema huyu hawezi kuishi bila ya dirisha, niacheni nimpe lake."

Nilikifuta kile kibaraza kwa upindo wa kanga. Kisha nikafungua dirisha, nikakaa.